Uchekeshaji wa Jukwaani Mombasa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nikikaa na vijana wanaojifunza kazi hii, au nikishuka jukwaani tu usiku wowote, maswali huwa ni yale yale. Nimeyaandika hapa pamoja na majibu yangu, kuanzia ya yule ambaye hajawahi kushika maiki hadi ya yule ambaye kazi imeshamuuma. Pale jibu moja linapolitegemea jingine, nimetaja nambari ya swali ili nisirudie maneno.

## Misingi

1. Mchekeshaji wa jukwaani ni nani hasa?

Ni mtu anayesimama peke yake mbele ya watu, akasema, wakacheka. Hana mwenzake wa kumpokea neno wala pazia la kujificha nyuma yake. Mwigizaji wa vichekesho ni jambo jingine. Marehemu Benson Wanjau, tuliyemjua kama Mzee Ojwang katika kipindi cha televisheni cha Vitimbi, alichekesha kupitia mhusika: alikuwa na nyumba ya kuigiza, na alikuwa na Mama Kayai wa kumjibu. Emsii naye kazi yake ni kuendesha shughuli. Akichekesha, hicho ni kitoweo, chakula chenyewe ni ratiba ya mwenye shughuli.

Mombasa wengi wetu twala kutokana na kazi zote tatu. Hilo si kosa. Kosa ni kudhani kwamba aliyeiweza moja amekwisha kuziweza zote.

2. Je, hili si jambo la kuiga kutoka ng'ambo?

Maiki ndiyo iliyotoka ng'ambo. Mengine tulikuwa nayo. Nimelelewa Mji wa Kale, na kabla sijaona mtu amesimama jukwaani nilishawaona wazee barazani wakifanya kazi hiyo hiyo kwa kahawa chungu na kashata. Mmoja husimulia kisa cha jirani bila kumtaja. Wenzake wanamjua, yeye anajua kuwa wanamjua, na anachelewesha neno la mwisho mpaka wote wameinama mbele kumsikiliza. Huo ufundi wa kuchelewesha neno ndio roho ya kazi yetu. Tulikuwa na visa vya Abunuwasi, tulikuwa na vijembe vya taarabu ambavyo humchoma mtu mmoja ukumbini na wengine wote wakapiga makofi, na tulikuwa na utani baina ya makabila na baina ya mababu na wajukuu.

Kwa upande wa Kenya nzima, mwishoni mwa miaka ya 1990 Walter Mong'are, Tony Njuguna na John Kiarie, kundi la Redykyulass, walimwigiza Rais Daniel arap Moi kwenye televisheni naye angali madarakani. Watu wa umri wangu wanakumbuka jinsi sebule zilivyonyamaza kwanza, kila mtu akimtazama baba mwenye nyumba kama yuwacheka. Kisha Daniel Ndambuki, yaani Churchill, akaweka jukwaa ambalo vijana walipanda mmoja mmoja wakiwa na dakika zao chache, na hapo ndipo kizazi kizima kilipoona kuwa hii ni kazi.

3. Mimi huwachekesha rafiki zangu sana. Ina maana ninaweza?

Ina maana unacho kiungo kimoja. Rafiki zako wanakujua: wanamjua shangazi yako unayemwigiza, wanaijua hiyo kona ya Majengo unayoitaja. Ukumbini watu hawamjui shangazi yako. Kazi yako ni kuwafanya wamjue kwa sentensi mbili, kisha wamcheke katika ya tatu. Atakayeweza kufanya hivyo mbele ya watu wa Kisauni, Changamwe na Likoni waliochanganyika, huyo ameanza.

4. Nahitaji shule au cheti?

La. Wahitaji daftari na subira. Nionavyo, miaka miwili ya kupanda jukwaani kila upatapo nafasi ndiyo shule yenyewe.

5. Kuna umri wa kuanza?

Hakuna. Nimeona mwalimu mstaafu akiwashinda vijana wa miaka ishirini, kwa kuwa alikuwa na mambo ya kusema.

## Kutunga

6. Mzaha hutungwaje?

Hutungwa kutokana na jambo ulilolishuhudia, kisha hukatwa mpaka libaki lile linalochekesha. Nitatoa mfano mmoja kwa urefu, maana hapa ndipo wengi hukwama.

Kijana mmoja aliniletea kisa cha feri ya Likoni. Aliandika hivi: "Juzi nilikuwa nimechelewa kazini, nikaona feri inataka kuondoka, nikakimbia sana, kiatu kikanitoka njiani, lakini sikusimama. Nilipoingia, feri haikuondoka, ikakaa kama nusu saa, kwa hiyo ningeweza hata kurudi kukichukua kiatu changu." Kisa ni cha kweli na kila mtu wa Likoni ana chake. Lakini hakuna aliyecheka, kwa sababu mwisho wake ni maelezo. Msikilizaji keshajua kwamba kulikuwa na muda wa kurudi. Hakuna haja ya kuambiwa.

Tulikaa nacho jioni nzima. Kwanza tukaondoa "nilikuwa nimechelewa kazini", maana anayeikimbilia feri haulizwi sababu. Halafu tukamuuliza kiatu chenyewe: kilifanya nini? Toleo la mwisho likawa hivi: "Nikaikimbilia feri, kiatu kikanitoka, sikugeuka. Nikaingia. Feri ikakaa nusu saa. Kiatu kikaja, kikapanda."

Tazama kilichotokea. Maneno yamepungua zaidi ya nusu. Neno linalochekesha limekuwa la mwisho kabisa, na baada yake hakuna kitu. Na uongo mdogo wa kiatu kutembea umebeba ukweli mkubwa wa kungojea. Neno hilo la mwisho wenyewe twaliita panchilaini. Likifika, nyamaza. Wengi hulifukia kwa kuongeza "yaani mnaelewa?" Watu walikuwa wameelewa.

7. Nitumie Kiswahili gani: cha Mvita, sanifu, Sheng au nichanganye na Kiingereza?

Hili ndilo swali ninaloulizwa zaidi, na ndilo nina maoni makali juu yake. Tumia Kiswahili ulichoota nacho. Vijana wetu wakipanda jukwaani hubadilisha ulimi ghafla, wakaanza kusema kama watu wa Nairobi waliowaona kwenye simu, na mara sauti inakuwa ya kuazima. Ukumbi husikia. Sheng ni tamu kwa mwenyewe aliyezaliwa nayo Eastlands ya Nairobi. Kwa mtoto wa Kibokoni ni nguo ya kukodi.

Kimvita kina utajiri ambao hakuna anayeweza kukuibia. Mfano ninaopenda: bibi wa Mji wa Kale ana mgeni kutoka bara. Bibi yu jikoni, amwita, "Ndoo!" Mgeni aleta ndoo. "Ndoo, mwanangu!" Aleta ndoo ya pili. Bibi aghadhibika: "Nasema ndoo hapa!" Mgeni aingia na ya tatu, akamwambia, "Bibi, zimeisha, niazime kwa jirani?" Anayejua kuwa kwetu "ndoo" ni "njoo" anacheka mara ya kwanza ndoo inapoletwa, asiyejua anacheka ya tatu. Ukumbi mzima umecheka, na hakuna aliyedharauliwa: si bibi, si mgeni. Mzaha wa namna hiyo huwezi kuutunga kwa lugha nyingine yoyote duniani.

Lakini zingatia ukumbi. Mombasa ni ya Waswahili, Wamijikenda, Wataita, Waarabu, Wahindi, Wakamba, Wajaluo na wengineo, na kila mmoja ana lafudhi yake ya Kiswahili. Lahaja ukiitumia, weka mlango wa kuingilia: hakikisha kisa kinamwelewesha hata aliyeshuka treni leo asubuhi. Amri Athumani, King Majuto wa Tanga, aliyefariki 2018, alichekesha Afrika Mashariki nzima kwa Kiswahili. Hakuhitaji kukiacha.

8. Ni mambo gani nisiyaguse?

Sina orodha, nina swali la kukuuliza: wewe na huyo unayemcheka, ni watani? Utani wetu una wenyewe. Mtani akikutania msibani unakubali. Asiye mtani akisema neno lile lile, pamekuwa ugomvi. Jukwaani ni vivyo hivyo. Mtu wa Taita akiwacheka Wataita, ukumbi humpa nafasi. Akiwacheka Wabajuni, inabidi kwanza aoneshe kwamba amekaa nao, amekula nao, na anawapenda.

Dini mimi huigusa kwa upande wa wafuasi, kamwe si kwa upande wa itikadi. Kuna vichekesho halali kabisa katika viatu vinavyobadilishana mlangoni mwa msikiti siku ya Ijumaa, au katika mchungaji asiyejua kumaliza mahubiri. Ulemavu wa mtu, umbo lake, na maiti wa watu, hapo mimi sipiti.

Kisheria, Kifungu cha 33 cha Katiba ya 2010 kinalinda uhuru wako wa kusema na uhuru wa ubunifu wa kisanaa, lakini kifungu hicho hicho kinautoa nje uchochezi na maneno ya chuki. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 inayafanya maneno ya chuki ya kikabila kuwa kosa la jinai. Kusema "nilikuwa natania" hakufuti kosa.

9. Na matusi?

Kumbi nyingi za Mombasa mama hukaa na mwanawe, na mkwe hukaa safu moja na mkwewe. Tusi likitoka, wote wanatazama sakafu, na utatumia dakika tano kuwainua. Mafumbo yanafanya kazi ile ile kwa heshima, na kicheko chake ni kikubwa zaidi, kwa sababu msikilizaji amekamilisha mwenyewe kichwani mwake. Waimbaji wa taarabu walilijua hilo zamani: mwenye hatia ni aliyeelewa.

## Jukwaani

10. Mombasa naanzia wapi?

Swahilipot, karibu na Fort Jesus, imekuwa ikifungulia wasanii vijana milango tangu 2016, na mazingira yake humpa mtu moyo. Little Theatre Club ni ukumbi wa siku nyingi wa wapenda maigizo. Nenda kama mtazamaji kwanza, ujuane na watu. Mama Ngina Waterfront, tangu ilipokarabatiwa na kufunguliwa 2019, hufanyiwa sherehe nyingi, japo uwanja wa wazi ni mgumu kwa anayeanza: upepo wa bahari huchukua sauti, na watoto hupita na mihogo ya kukaanga.

Usidharau shughuli za mtaani: mahafali ya shule, hafla za vikundi vya akina mama, mashindano ya mpira. Na redio. Vituo vya Pwani huhitaji sauti mpya za asubuhi, na mtu akikufahamu kwa sauti atakuja kukuona kwa sura.

11. Mara ya kwanza niseme kwa muda gani?

Dakika tano. Ukiambiwa kumi, andaa saba. Jirekodi kwa simu mfukoni, kisha kesho yake usikilize mahali watu walipocheka na mahali ulipodhani wangecheka. Tofauti ya vitu hivyo viwili ndiyo kazi ya wiki inayofuata.

12. Nikipanda na hakuna anayecheka?

Itatokea, kwako na kwa kila mtu. Mimi niliwahi kusimama dakika kumi na mbili mbele ya karamu ya wafanyakazi wa kampuni fulani, chakula kimechelewa, watu wana njaa. Sikupata kicheko hata kimoja. Nilichojifunza usiku ule ni kuuliza saa ya chakula kabla ya kukubali saa ya kupanda. Tangu siku hiyo hilo ni sharti langu: nipande watu wakishaanza kushiba.

Kimya kikikushika, usiwalaumu watu. Usiseme "mko baridi leo". Fupisha, toa mzaha wako mmoja unaouamini zaidi, shukuru, shuka. Kisha usiende nyumbani kulala nayo. Kaa na mwenzio mmoja wa kazi mzungumze. Tazama pia swali la 23.

13. Mtu akinikatiza nifanyeje?

Mara ya kwanza, tabasamu uendelee. Ya pili, mjibu kwa upole na kwa ufupi, ukumbi uwe upande wako. Ya tatu, mwache mwenye ukumbi afanye kazi yake. Akiwa ni mzee, muite "ami" au "mzee wangu" na umpe heshima yake; mara nyingi alitaka kutambuliwa tu. Kijana akimjibu mzee kwa ukali jukwaani, amempoteza kila mzazi aliyemo.

14. Mwanamke anaweza kufanya kazi hii Mombasa?

Anaweza, na ana soko ambalo sisi wanaume hatulifikii kabisa. Katika harusi za Waswahili shughuli za wanawake hufanywa peke yao: kuna vugo, kuna kupamba, kuna usiku mwanamume hakanyagi. Humo ndani, buibui zikishavuliwa, kuna uchangamfu na ukali wa maneno ambao sijauona, nausikia tu kwa dada zangu. Mchekeshaji wa kike anayezijua nyimbo za unyago na vugo, anayejua nani ni khalati na nani ni somo wa bi harusi, anaweza kujaza shajara yake msimu mzima.

Tahadhari mbili. Simu nyingi huzuiwa humo, kwa hiyo kazi yako haitaonekana mtandaoni. Sifa itasafiri kwa midomo, nayo husafiri haraka. Na yale uliyoyasema humo yabaki humo. Ukiyapeleka jukwaa la hadharani, mlango huo hautafunguliwa tena.

Kwa majukwaa ya kawaida ya usiku, waambie wanaokualika kwamba usafiri wa kurudi nyumbani ni sehemu ya malipo, na usipande kabla hujajua nani atakupeleka.

15. Kazi za hotelini zikoje?

Wengi wetu tumepitia animesheni, yaani kuburudisha wageni, katika hoteli za Nyali, Bamburi na Diani: mchana michezo ya bwawani, usiku sarakasi na michezo ya jukwaani. Utajifunza kuchekesha kwa mwili, kwa sababu wageni wako wanatoka Ujerumani, Italia na Nairobi kwa pamoja. Utajifunza pia nidhamu ya kupanda kila usiku, upende usipende. Hasara yake ni kwamba ulimi hulala. Mtu akikaa miaka mitano bila kutunga kwa Kiswahili hurudi akiwa hodari wa kuruka tu. Kazi yenyewe hufuata msimu: Desemba, Pasaka na Agosti kuna watu, mvua za masika zikianza, mikataba hukatwa.

## Riziki

16. Nitoze kiasi gani?

Sitakupa kiwango, maana shughuli ya mtaa na karamu ya benki si kitu kimoja. Nitakupa hesabu. Anza na nauli ya kwenda na kurudi, ongeza chakula, ongeza siku utakayoipoteza, ndipo uweke thamani ya kazi. Kijana hukubali Nairobi kwa furaha, akasahau kuwa treni ya SGR daraja la kawaida ni shilingi 1,500 kwenda na 1,500 kurudi tangu Januari 2024, na bado hajalala wala hajala.

Kisha omba arubuni. Neno hili tunalo tangu zama za majahazi: sehemu ya malipo inayotangulia ili biashara ifungwe. Mimi huomba nusu. Asiyetoa arubuni hajakualika, amekuulizia tu.

17. Nimefanya kazi, sijalipwa. Nifanye nini?

Nimedaiwa subira na mwandalizi mmoja kwa miezi saba, mpaka nikaacha kupiga simu. Kosa langu lilikuwa ni kukubaliana kwa mdomo, tena mbele ya watu, nikaona haya kuandika. Sasa naandika ujumbe mfupi kwa kila kazi: tarehe, saa, muda nitakaosema, kiasi, arubuni, siku ya kumalizia. Yeye akijibu "sawa", huo ni ushahidi. Kwa deni lisilozidi shilingi milioni moja kuna Mahakama ya Madai Madogo, na huhitaji wakili kwenda.

18. Kodi inanihusu?

Inakuhusu. Makampuni yanapokulipa ada ya shilingi 24,000 au zaidi kwa mwezi, hukata asilimia 5 na kuipeleka KRA, mamlaka ya kodi, kwa nambari yako ya PIN. Dai cheti cha makato hayo, kwa sababu utayahesabia unapojaza fomu zako ifikapo Juni 30. Wengi huacha pesa zao huko bila kujua.

19. Niweke video mtandaoni au nihifadhi vichekesho vyangu kwa ukumbi?

Fanya yote mawili, lakini usitoe kitu kile kile. Mzaha ukishaonekana na watu wengi kwenye simu, ukumbini watu wataucheka kwa adabu tu. Mimi huweka mtandaoni yale niliyoyatumia mwaka mzima na nikayachoka, pamoja na mazungumzo ya ghafla na watazamaji ambayo hayawezi kurudiwa.

Kwa wanaotaka pesa za matangazo: YouTube hudai wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au mara milioni 10 za kutazamwa kwa video fupi ndani ya siku 90. Ni mlima. Kwa mchekeshaji wa Mombasa faida ya kwanza ya video ni kwamba mwenye harusi wa Malindi atakuona na kukupigia. Na tangu 2023 mapato ya maudhui ya kidijitali nayo hukatwa asilimia 5. Tazama swali la 18.

20. Lazima nihamie Nairobi?

Televisheni kubwa, makampuni ya matangazo na waandalizi wengi wako huko, sitakudanganya. Tangu SGR ianze kubeba abiria katikati ya 2017, mtu anaweza kutoka Miritini asubuhi, akapanda jukwaani jioni, akarudi kesho yake. Mimi nilichagua hivyo. Naenda Nairobi kuuza, narudi Mombasa kutunga. Waliohama moja kwa moja na wakakaa miaka, baadhi yao vichekesho vyao vya Pwani vimeanza kuwa Pwani ya mtalii: madafu, majini na uvivu. Uvivu wetu huo wanaousimulia sijauona sokoni Kongowea saa kumi alfajiri, makuli wanaposhusha malori.

21. Ramadhani tunafanyaje?

Majukwaa mengi hupumzika, na nionavyo ni vyema hivyo. Ni mwezi wa kuandika. Baada ya tarawehe mabarazani kuna mazungumzo mazuri kuliko mwezi mwingine wowote. Idi inapoandama, shughuli na harusi hufuatana, na aliyeandika huonekana.

## Mambo mazito

22. Mwenzangu ameuchukua mzaha wangu. Nina haki gani?

Sheria ya Hakimiliki ya 2001 hailindi wazo. Hulinda namna ulivyolieleza, na ni lazima liwe limeandikwa au limerekodiwa. Wawili wanaweza kutunga juu ya feri bila kuibiana. Lakini akilichukua toleo lako neno kwa neno, na unayo rekodi yenye tarehe, una msingi wa kudai. Kusajili kazi kwenye Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, si lazima, ila husaidia kuthibitisha.

Kabla ya hayo yote, mwendee mwenyewe. Mpigie, muonane, umwambie bila watu. Mara nyingi alisikia mahali, akasahau kuwa si wake. Mji huu ni mdogo, na mtajikuta tena nyuma ya jukwaa moja.

23. Nawachekesha watu, lakini mwenyewe moyo umekuwa mzito. Ni kawaida?

Hutokea, na usilifiche. Kazi yetu hukutoa kwenye ukumbi wa watu mia tatu wanaopiga makofi na kukuingiza chumbani peke yako saa saba za usiku, na huo mwanya ni mkubwa. Pombe na miraa huwa karibu sana na majukwaa. Tumezika wenzetu wa kazi hii nchini wakiwa vijana, na kila mara tumechangishana pesa za hospitali dakika za mwisho.

Kwa hiyo mambo mawili nayasema kwa mkazo. Jisajili na SHA, bima ya afya ya taifa. Kwa asiye na mshahara mchango hukadiriwa kwa asilimia 2.75 ya mapato na haupungui shilingi 300 kwa mwezi. Na uwe na mtu mmoja ambaye huhitaji kumchekesha. Usingizi ukikukataa wiki mbili, au ukianza kuwaza kuwa usipokuwepo ni heri, nenda hospitali umwone daktari wa akili, au mwambie mtu leo akupeleke. Usingoje shoo ipite.

24. Wazazi wangu hawataki. Wanasema ni uhuni.

Waalike. Mama yangu alinipinga miaka mitatu mpaka aliponisikia nikimsimulia yeye mbele ya watu, kwa heshima. Hakusema neno. Asubuhi alinisahihisha sehemu mbili nilizokosea kwenye kisa, na tangu siku ile ananiletea vingine.

25. Mwanasiasa amenialika kampeni. Nikubali?

Ni malipo mazuri na ni mtego. Ukishaonekana umevaa fulana yake, nusu ya mji haitakucheka tena kwa moyo mmoja. Nikialikwa, huuliza kama nitaruhusiwa kumtania hata mwenye mkutano mwenyewe. Akikataa, siendi. Ukitaka siasa yenyewe, hilo ni jambo la heshima na lina waliotangulia: John Kiarie alichaguliwa mbunge wa Dagoretti Kusini 2017, na Phelix Odiwuor, Jalang'o, wa Lang'ata 2022. Ila hapo umebadilisha kazi.

26. Niache lini kazi ya mchana?

Ukiwa na akiba ya kuvuka mvua za masika na Ramadhani bila shoo hata moja. Si kabla ya hapo.

27. Nimeombwa nichekeshe matangani. Niende?

Swali hili huwashangaza watu wa mbali, lakini kwetu si geni. Kwa Wamijikenda wengi, matanga ya mzee aliyeishi akashiba miaka huwa na ngoma na mizaha, na watani wana wajibu wa kuwapunguzia wafiwa uzito. Kwa hiyo kwanza uliza: ni nani aliyefariki, alikuwa na umri gani, na ni nani aliyekuomba? Kijana aliyekufa ajalini, usiende na vichekesho, nenda na rambirambi. Hitima ni kisomo; huko mchekeshaji hukaa kimya kama wengine. Mzee wa miaka tisini, na wanawe wenyewe wamekuomba, nenda.

Fika mapema ukae na wajukuu, wakupe visa vyake. Simulia vile tu walivyokupa. Nilifanya hivyo mara moja, Rabai. Nilisimulia jinsi mzee alivyokuwa akihesabu minazi yake kila asubuhi kana kwamba kuna uliohama usiku. Mjane wake, aliyekuwa hajasema tangu juzi, akaitikia kutoka ndani: "Na siku moja alikosa mmoja!" Nikanyamaza nikampisha, akaendelea yeye.